Katuba: Minervali kwa simu, programu ya shule katika klaudi, na swali la ufunguo

Kila mwezi wa 9, masomo yakifunguliwa, mitaani Katuba maneno yanakuwa yaleyale: minervali. Shule za msingi za serikali ni za bure tangu 2019, lakini sekondari na shule za watu binafsi bado zinalipisha. Zamani mzazi alikuwa anabeba franka mkononi mpaka kwa kontable wa shule, anapanga mustari, anapewa kikaratasi. Siku hizi wazazi wengi wanapita kwa kabini, chini ya parasoli, na kutuma malipo kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Shule nazo zinatafuta programu ya kupokea habari ya malipo, kuiandika kwa jina la mtoto, kiisha kutuma mesaji kwa mzazi: "Minervali ya mwezi wa 10 imeingia."

Ni kazi nzuri. Inapunguza ugomvi wa "nililipa" na "haukulipa". Lakini ndani yake muko swali ambalo wakubwa wa shule hawaulizi: hiyo programu, ambayo haina mikono wala karte ya uchaguzi, inajitambulisha namna gani kwa huduma zingine inazotumia? Nani anaipa ruhusa, na ruhusa hiyo inachungwa wapi?

Jibu likiwa baya, mtu asiyejulikana anaweza kusoma namba za simu za wazazi wote, kubadilisha orodha ya waliolipa, ao kufuta kila kitu siku mbili mbele ya Examen d'État. Na mtoto njo anafukuzwa darasani, hata kama mama yake alilipa mpaka franka ya mwisho.

Jambo hili si la shule tu. Dispensere inayochunga majina ya wagonjwa, koperative inayohesabu akiba za wanachama, duka linalopokea malipo kwa simu, pale Katuba, Kolwezi, Kalemie, Bukavu ao Goma, vyote viko ndani ya swali hilo moja.

Programu moja, milango mitatu

Klaudi, kwa neno jepesi, ni mashini kubwa za kukodi. Mtu hanunui mashini. Anakodi nafasi ndani ya mashini ya kampuni ingine na kulipa kwa mwezi. Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwezi wa 3, 2019. Amazon ilifungua Cape Town mwezi wa 4, 2020. Google ilifuata Johannesburg mwezi wa 1, 2024. Kwa hiyo daftari la shule ya Katuba linaweza kulala Afrika ya Kusini, hapana tena ndani ya kompyuta ya biro ya prefe. Sababu ni wazi: umeme wa SNEL unakatika, kompyuta inaungua ao inaibiwa, na mwaka mzima wa malipo unapotea. Mashini ya kukodi haizimiki juu ya umeme wa mtaa.

Lakini programu haikai peke yake kule. Ili ifanye kazi, inabidi ifungue milango mitatu. Wa kwanza ni wa daftari la malipo, mahali majina na franka vinaandikwa. Wa pili ni wa ghala ya makaratasi, mahali bulteni na picha za wanafunzi zinachungwa. Wa tatu ni wa huduma za inje: kampuni ya simu inayoleta habari ya malipo, na ile inayotuma mesaji kwa wazazi.

Fikiri lupango mkubwa wenye nyumba nyingi. Programu inaishi nyumba moja, daftari liko nyumba ingine, ghala iko nyuma. Kila nyumba ina mlango wake, na kila mlango unataka kujua: wewe nani, na nani amekutuma?

Ufunguo ulioandikwa ndani ya programu

Njia ya zamani, na ambayo mafundi wengi bado wanaifuata juu ni ya haraka, ni kuandika neno la siri ndani ya programu yenyewe. Programu ikifika kwa daftari, inasema lile neno, mlango unafunguka. Inatembea. Siku ya kuonyesha kwa prefe, kila mtu anapiga mikono.

Shida zinakuja nyuma. Ya kwanza: ufunguo wa namna hiyo unakopiwa bila mwenyewe kujua, sawa vile mtu anaweza kupeleka ufunguo wa nyumba yako kwa fundi wa sokoni na kukurudishia jioni. Programu inatembea. Fundi anaiweka katika kle ya USB, anaituma kwa WhatsApp kwa mwenzake ili amusaidie, stajere anaondoka nayo mwisho wa staje. Kila kopi inabeba neno la siri ndani.

Ya pili: ufunguo huo hauna mwisho. Neno lililoandikwa 2022 bado linafungua 2025, hata kama fundi aliyeliandika aliisha kuacha kazi, pengine kwa ugomvi wa makuta ambayo hakulipwa.

Ya tatu: ufunguo hausemi nani ameushika. Daftari linaona tu neno sahihi. Ni programu? Ni fundi wa zamani? Ni mwizi? Kwa mlango, wote ni mutu mmoja.

Wengine wanasema: "Sisi ni shule ndogo, nani atakuja kututafuta?" Wezi wa namna hii hawachagui mlango mkubwa tu. Wana programu zao ambazo zinapita usiku na mchana mahali mafundi wanaweka kazi zao kwenye intaneti, zikitafuta maneno ya siri yaliyosahauliwa. Haziulizi kama mwenyewe ni benki ya New York ao shule ya Katuba.

Na wakubwa pia wameanguka. Mwaka 2016, wezi waliingia mahali wafanyakazi wa Uber, kampuni ya taksi ya Marekani, walikuwa wanachunga programu zao. Palikuwa pamefungwa, lakini walipata njia, na ndani wakakuta funguo za ghala ya Uber katika klaudi ya Amazon. Kwa funguo hizo walibeba habari za watu milioni 57, abiria na madereva. Kampuni iliwalipa dola 100,000 na kunyamaza. Jambo likajulikana tu mwezi wa 11, 2017. Mkubwa wake wa usalama alihukumiwa na mahakama ya Marekani mwezi wa 10, 2022 kwa kuficha jambo hilo. Mwanzo wake wote ulikuwa ufunguo ulioachwa ndani ya programu.

Jetoni mahali pa ufunguo

Kampuni za klaudi ziliona shida hii na kubadilisha namna. Amazon ilileta njia ya kuipa mashini "roli" mwezi wa 6, 2012. Microsoft ilileta ya kwake mwezi wa 9, 2017, utambulisho ambao klaudi yenyewe inausimamia. Kwa Google inaitwa akaunti ya huduma. Majina ni mbalimbali, lakini wazo ni moja: programu haipewi tena ufunguo wa kubeba. Inapewa utambulisho, na kila mara inapotaka kufungua mlango, inapewa jetoni ya muda mfupi.

Rudi ndani ya lupango. Sasa mwenye lupango ameweka zamu. Kazi inaenda hivi:

1. Mwenye lupango anamuambia zamu: "Nyumba ya 4 ni ya programu ya minervali." Utambulisho umefungwa kwa nyumba, hapana kwa neno la siri.

2. Kiisha anaandika orodha: nyumba ya 4 inaweza kusoma na kuandika katika daftari la malipo, inaweza kusoma bulteni, basi. Kisichoandikwa hakiruhusiwi.

3. Programu ikitaka kuandika malipo, inaita zamu. Katika klaudi za Amazon, Microsoft na Google, mashini nyingi za kukodi zinamuita zamu kwa adresi moja: 169.254.169.254. Hiyo adresi inafikiwa kutoka ndani ya mashini tu. Mtu aliye inje, kwenye intaneti, hawezi kuipiga.

4. Zamu haombi neno la siri. Anajua sauti imetoka nyumba gani. Anatoa jetoni yenye alama ya kuhakikisha na saa ya mwisho.

5. Programu inapeleka jetoni kwa daftari. Daftari linaangalia: alama ni ya kweli? Saa haijapita? Orodha inaruhusu? Vyote vikiwa sawa, mlango unafunguka, na katika kitabu cha mlango inaandikwa nani ameingia na saa ngapi.

6. Jetoni inakufa yenyewe, kwa kawaida nyuma ya saa chache. Programu inaomba ingine. Hakuna mtu anayeamka usiku kuibadilisha.

Faida yake inaonekana siku programu inaibiwa. Mwizi anafungua kopi, anatafuta neno la siri, anakuta tu: "uliza zamu." Lakini yeye iko kwake, katika kompyuta yake. Zamu wa lupango hayuko pale kumusikia. Na kama kwa bahati mbaya jetoni yenyewe imevuja, kesho yake ni karatasi bure.

Kuna jambo lingine la kufurahisha prefe: kuipa programu utambulisho hakuongezi bei ya klaudi. Ni kazi ya fundi tu, mwanzoni.

Wakati mlango ni wa kampuni ingine

Zamu anajua nyumba za lupango wake. Lakini kampuni ya simu iko lupango mwingine. Haimujui zamu huyo, na mara nyingi inataka neno la siri.

Mfano ulio wazi ni Kenya. Safaricom, kampuni ya M-Pesa ya kule, ilifungua mwaka 2017 mlango wa mafundi unaoitwa Daraja. Programu inayotaka kupokea malipo inapewa maneno mawili: moja ni kama jina lake, la pili ni siri. Haitumii maneno hayo kwa kila malipo. Inayapeleka mara moja, inapewa jetoni ya saa 1, na kwa jetoni hiyo njo inaomba malipo. Saa ikipita, inarudia. Ni wazo lilelile la jetoni, lakini siri moja inabaki, na lazima ichungwe mahali fulani.

Mahali hapo hapapaswi kuwa ndani ya programu. Klaudi zote kubwa zina sanduku la siri, kama kofre ya benki. Siri ya kampuni ya simu inawekwa mule. Programu inaonyesha jetoni ya zamu, kofre inafunguka, inachukua siri, inaenda kwa kampuni ya simu kuomba jetoni ya pili. Ufunguo haujaisha kabisa, lakini uko mahali pamoja, panapojulikana, na kila anayefungua anaandikwa. Siku ya kuubadilisha, unabadilishwa pale tu, bila kugusa programu.

Kuna hata njia ya kuvuka kutoka klaudi moja kwenda ingine bila siri yoyote. Mwenye ghala ya Amazon, kwa mfano, anaweza kusema: "Ninaamini jetoni za zamu wa Google, lakini za programu hii tu." Ni kama pale mpakani Kasumbalesa: afisa wa Zambia hatengenezi paspoti mpya kwa Mukongomani. Anasoma ile iliyotolewa na serikali ya Kongo, anaangalia kama ni ya kweli na kama siku zake hazijaisha, kiisha anaamua.

Na fundi ambaye amekodi mashini ndogo ya bei ya chini, isiyo na zamu? Wako wengi. Huyo atie siri katika faili ya pembeni ambayo programu tu inaweza kuisoma, asiiweke kamwe pamoja na programu, na aibadilishe kila mwaka na kila mara mtu anaacha kazi.

Jetoni ndogo, hapana jetoni ya kila mlango

Kuwa na zamu hakutoshi kama zamu anatoa jetoni inayofungua lupango mzima. Benki ya Marekani Capital One iliona hivyo mwaka 2019. Haikuwa imeacha ufunguo ndani ya programu. Lakini mtu wa inje alidanganya mashini yake moja, akaifanya imuulizie zamu jetoni na kumupa yeye majibu. Jetoni ile ilikuwa na ruhusa kubwa kupita kazi ya mashini: ilifungua ghala zenye habari za watu karibu milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Canada. Mwaka 2020 benki ilitozwa amende ya dola milioni 80. Amazon nayo, mwezi wa 11, 2019, ilileta namna mpya ya kuongea na zamu ili kudanganya kuwe kugumu zaidi.

Kwa shule ya Katuba, somo ni hili. Programu inayoandika minervali haina kazi ya kufuta daftari. Basi isipewe ruhusa ya kufuta. Programu inayoonyesha bulteni isome tu, isiandike. Kama sivyo, iko siku pointi zitabadilika zenyewe. Na kopi ya akiba ichungwe na utambulisho mwingine kabisa, ambao programu haiwezi kuugusa.

Hii ya kopi ni ya lazima. Mwezi wa 6, 2014, kampuni moja iliyoitwa Code Spaces, ambayo ilikuwa inachunga kazi za mafundi, iliingiliwa katika klaudi yake. Mwizi aliomba makuta. Wenyewe walipojaribu kumufukuza, alifuta daftari, ghala na sehemu kubwa ya kopi za akiba, juu vyote vilikuwa chini ya mamlaka moja. Kampuni ikafunga milango.

Maswali ya kumuuliza fundi

Prefe, mganga mkubwa wa dispensere ao mwenye duka hana lazima ya kujua informatiki. Lakini mbele ya kulipa fundi, anaweza kumuuliza maswali haya, na fundi wa kweli atajibu bila kukasirika:

1. Ndani ya programu muko neno la siri lolote? Likiwa liko, kwa nini?
2. Programu ina utambulisho wake, ao inatumia wako wewe fundi? Ukiacha kazi kesho, itaendelea kutembea?
3. Nionyeshe orodha: inaweza kufungua nini, na haiwezi nini?
4. Siri ya kampuni ya simu inachungwa wapi, na ilibadilishwa mwisho lini?
5. Kopi ya akiba iko chini ya nani? Programu inaweza kuifuta?
6. Kitabu cha mlango kiko? Nani anakisoma?
7. Akaunti kubwa ya klaudi iko kwa jina la nani, la shule ao la fundi?

La mwisho linasahauliwa sana. Kama akaunti iko kwa jina na simu ya fundi, fundi njo mwenye lupango. Shule ni mpangaji tu.

Kama ufunguo umetoka

Mtu akigundua kwamba neno la siri limeonekana, katika WhatsApp ao kwenye intaneti, kosa la kwanza ni kukimbilia kufuta mesaji. Kufuta mesaji hakufungi mlango. Aliyesoma ameisha soma. Mpangilio ni huu: kwanza kuua ufunguo ule na kutengeneza mwingine. Pili, kusoma kitabu cha mlango tangu siku ulipotoka: nani aliingia, alichukua nini, alibadilisha nini. Tatu, kulinganisha daftari na malipo yaliyo kwa kampuni ya simu. Nne, kuwaambia watu ambao habari zao zimeguswa. Hii ya nne ni ngumu, lakini kuficha njo kulimufikisha mkubwa wa Uber mahakamani.

Kongo nayo ina sheria. Ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inayoitwa Code du numérique, inaongea juu ya kuchunga habari za watu na juu ya makosa yanayofanywa kwa njia ya informatiki. Majina ya watoto, namba za simu za wazazi na malipo yao ni habari za watu. Shule inayozikusanya ina jukumu juu yake, hata kama mashini iko Cape Town na fundi iko Kinshasa.

Kwa mzazi, mambo ni mepesi. Chunga mesaji ya malipo inayotoka kwa kampuni ya simu, pamoja na namba yake, mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Daftari la shule likiharibika, hiyo njo ushuhuda wako. Na kode yako ya siri ya simu usimupe mtu, awe prefe, kontable ao fundi wa programu. Programu iliyotengenezwa sawasawa ina utambulisho wake yenyewe, na haina kazi na kode yako.